Maua Saba ya Mifuko ya Mzee Faki

Nimerudi salama, na kwa wenye moyo mwepesi naanza na mwisho: mambo yalikwenda vizuri. Nasema mapema kwa sababu Mwanahawa ana presha, na ndiye aliyenituma. Tangu nishuke Dar kila mtu ananiuliza ilikuwaje, barazani, msikitini, hata kinyozi aliniuliza huku wembe uko shingoni. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Basi someni, kisha mniache nilale.

Habari za viza na tiketi naziruka. Foleni mnaijua.

Wasiojua nilitumwa nini, ni hivi. Mwanahawa, jirani yangu hapa Magomeni, ana shangazi Jeddah, Bi Zuhura, aliyehama Unguja na mumewe baada ya mambo ya 1964. Mume, Mzee Faki, alikuwa msimamizi wa wachimbaji. Profesa mmoja wa Ulaya alimchukua kwenda pwani ya Bahari ya Shamu, kaskazini, kutafuta bandari ambako zamani vilishuka vyombo vya Wagiriki na Warumi. Profesa alipoandika ripoti yake, alisema vigae, yaani vipande vya mitungi, vya shimo la tatu havifai kitu kwa sababu msimamizi mwenyeji alivichanganya. Jina hakulitaja. Hakuna aliyemwajiri tena Mzee Faki kwenye uchimbaji. Alimaliza maisha yake akilinda duka. Bi Zuhura sasa amepita miaka themanini, na ombi lake ni moja tu: mumewe aondolewe lawama ile kabla na yeye hajamfuata.

Nami, kama mjuavyo na kunitania kwalo, nafundisha historia ya akiolojia ya Wagiriki na Warumi. Sifundishi masanamu yenyewe. Nafundisha jinsi wasomi walivyojifunza kuyachimba na kuyasoma. Mwaka huu nina wanafunzi saba, na wawili kati yao waliingia kwa kukosea chumba wakaona haya kutoka. Nilipoalikwa kwenye mkutano Riyadh, Mwanahawa aliniletea sahani ya vitumbua na jina la shangazi yake. Nilikula, na vitumbua vya Mwanahawa ukishavila huna tena njia ya kukataa.

RIYADH: KAHAWA NA SANDUKU

Mkutano ulikuwa siku mbili, Jumapili na Jumatatu. Nilizungumza dakika ishirini. Nilieleza kwamba elimu hii ilianza na matajiri waliotaka sanamu za kupamba bustani zao. Baadaye wakaja wasomi wakazipanga kwa zama, vyuo vikaweka maprofesa wa somo hilo, na mataifa yakaanza kushindana nani achimbe mji upi. Kwa muda mrefu chombo chenye picha kiliwekwa kwenye kabati la kioo, na mtungi wa kawaida wa mafuta ukatupwa kwenye kifusi. Ilichukua muda kukubali kwamba kigae kibaya, ukijua kilitoka tabaka gani la udongo, kinasema mengi kuliko sanamu nzuri isiyojulikana ilikotoka. Nikamalizia kwa madaha kwamba wasomi wetu walidharau kilichokuwa mbele ya macho yao. Watu wakapiga makofi. Yashikeni maneno hayo, maana yalinirudia.

Tatizo langu Riyadh lilikuwa kahawa. Ipo ile nyepesi ya iliki, kikombe kidogo, na mtu amesimama na birika mkononi. Ukimaliza anajaza. Mimi niliyefunzwa na mama kwamba kukataa cha mwenyeji ni utovu wa adabu, nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Kufika kikombe cha tisa moyo ulikuwa unapiga ngoma ya harusi, na yule bwana ananitazama kwa huruma kama aliyeona mtu wa jangwani kweli.

Aliyeniokoa ni Daktari Abir. Huyu ni mtaalamu wa vyombo vya udongo, mama wa makamo, mchache wa maneno. Alikichukua kikombe changu, akakitikisa mara mbili, yule bwana akaondoka. "Ukitosheka unatikisa," aliniambia kwa Kiarabu. "Ulikuwa unaendelea mpaka lini?"

Ndiye aliyenipeleka kwenye ghala la vitu vya kale anakofanya kazi, kuona nilichokifuata: sanduku la vigae vya shimo la tatu, ambavyo profesa alivikataa na kuviacha nchini. Ndani mlikuwa na mifuko midogo ya marikani, ishirini na kitu, kila mmoja na vigae vyake. Karatasi zilizoandikwa kila mfuko ulikotoka zilikwisha kuliwa na mchwa. Tulipekua, tukapata unga.

Kwenye mdomo wa kila mfuko palikuwa na safu ya maua saba yaliyodariziwa kwa uzi mweupe, kazi ya kofia kabisa. Nami nilikuwa nimevaa kofia yangu ya viua, iliyodariziwa vivyo hivyo. Nikatabasamu, nikasema huu ni mkono wa Unguja.

"Mapambo mazuri," alisema Daktari Abir.

"Ndiyo," nikajibu, mimi bingwa wa vitu vilivyodharauliwa. "Mapambo."

Nikaitandaza mifuko mezani, nikaipiga picha mmoja mmoja ili nikamwonyeshe Bi Zuhura, angalau apate kumbukumbu. Daktari Abir akanieleza kwa upole kwamba bila kujua mfuko upi ulitoka tabaka lipi, vigae vile havina la kusema. Walikuwa wanasafisha ghala. Alhamisi adhuhuri angetia saini orodha, na vitu visivyojulikana vilikotoka vingegawiwa shule mbalimbali watoto wavishikeshike. Lawama ya Mzee Faki ingebaki kama ilivyoandikwa.

Nilitoka pale nimenywea. Nikaenda mtaa wa Al-Dirah kutafuta chakula, nikala wali wa kabsa peke yangu kwenye sinia la watu watatu, kwa hasira.

NJIANI: VITI MIA MOJA

Jumanne nilitakiwa kuruka kwenda Jeddah. Vumbi likaja, mbingu ikawa rangi ya chai ya maziwa, na ndege zote zikabaki chini. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za hoteli na sanduku langu alipotokea Wafula. Huyu ni Mkenya wa Bungoma, dereva aliyenipokea uwanja wa ndege siku ya kwanza.

"Mwalimu, mbona umekaa hivyo kama mtu amenyimwa visa? Mimi naenda Jeddah saa hii na viti mia moja za maonyesho. Panda. Hizo viti hazijui kupiga story."

Nikapanda. Mji ulipoisha Wafula akanigeukia.

"Sasa niambie ukweli. Watu wamesoma hivi hawawezi chimba miaka yote juu ya vigae. Mnatafuta gold, sindio?"

"Hakuna dhahabu, Wafula."

"Sawa. Hata mimi ningekuwa nayo singesema."

Nikamsimulia habari ya Mzee Faki. Akazima redio, na kwa Wafula hiyo ni maajabu. Kisha akasema, "Hiyo naijua. Gari ikipatikana imegongwa kwa yard, ni dereva. Hata kama siku hiyo dereva alikuwa off. Bosi akishasema, halas, imeandikwa."

Kwenye kizuizi askari alitazama ikama ya Wafula, kibali chake cha ukaazi, akatazama pasipoti yangu, akatazama viti. Akaniuliza mgeni wa mkutano anafanya nini kwenye gari la mizigo. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha madrasa na vitabu, na irabu zote za mwisho wa maneno ambazo barabarani hakuna anayezitamka. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Nikarudia mara tatu kwa heshima yao, nikaambiwa nasema kama hotuba ya Ijumaa, tukaruhusiwa.

Alasiri gurudumu likapasuka. La akiba lilikuwa chini ya viti, na viti vilikuwa mia moja. Tulivishusha kimoja kimoja, na kwa kuwa mahali pa tambarare palikuwa padogo, tukavipanga safu safu kando ya barabara. Dereva wa lori, Msudani mzee, akasimamisha lori lake, akashuka polepole, akachagua kiti cha mbele, akakaa, akauliza bibi harusi yuko wapi. Nilicheka mpaka machozi, na nilikuwa na haja ya kucheka. Alitusaidia kuvipakia vyote, akatuachia mkate wa tamis wa moto na mkebe wa maharage.

Tulipumzika kwenye kituo cha mafuta. Wafula akatoa jiko la gesi na unga aliouficha nyuma ya kiti chake, akasonga ugali. Nimekula ugali maisha yangu yote bila kuushukuru. Ule niliushukuru kwa sauti.

Jumatano asubuhi tulifika njia inapogawanyika. Vibao vinasema wazi: Waislamu mbele kwenda Makka, wengine wazunguke. Wafula ni Mkristo, akapunguza mwendo.

"Mimi nakata hapa, mwalimu. Wewe ukitaka nikushushe, utapata taxi. Hakuna kukasirika."

Niliitazama barabara ile. Tangu utoto naelekeza uso huko mara tano kwa siku, na sasa palikuwa mwendo mfupi tu. Ningeshuka, siku ingekwisha. Nikamwambia tuzunguke. Nilisikia uchungu, sifichi.

JEDDAH: MGENI NA SAMAKI

Tulivishusha viti vile Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe iliyofanywa ukumbi. Wachukuzi walikuwa wepesi, mimi nikawa najificha nyuma ya Wafula kwa sababu mgongo ulikuwa umekwisha kujiuzulu. Tukaagana kwa kukumbatiana. "Ukipata jibu, nitumie hata kama ni usiku," alisema. "Nataka kujua kama dereva alishinda kesi."

Teksi ikanipeleka mtaa wa Al-Nuzha. Bi Zuhura anakaa ghorofa ya pili na mjukuu wake Samira, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo. Ni mama mdogo wa umbo, kanga mabegani, macho makali nyuma ya miwani.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Mwanahawa hakupi chakula?"

"Mwanahawa ni jirani tu, bibi."

"Jirani ndo wa kukulisha." Akapiga kelele jikoni, "Samira! Lete samaki!"

Aliletwa samaki wa kupaka, wali wa nazi, achari ya ndimu, na sahani ya pili kabla ya kwanza haijaisha. Nilipofungua mdomo kusema nimekuja kwa habari ya Mzee Faki, aliuziba kwa kipande cha samaki.

"Kula."

"Bibi, kuna jambo la kesho adhuhuri..."

"Mwanangu, sisi hatumuulizi mgeni shida yake na wali ungali moto. Hatukuacha Unguja tukaacha na adabu. Wee kula, ulale. Kesho 'tazungumza."

"Lakini ni Alhamisi!"

"Kwani Alhamisi ina miguu?"

Nililala mchana kwa kulazimishwa. Jioni wakaja majirani wa Kizanzibari kumwona mgeni, kila mmoja na habari za bei ya karafuu, na kila nilipojaribu kuingiza jambo langu Bi Zuhura alinijazia chai. Nilitikisa kikombe. Huko hakusaidii. Nilikasirika kweli, jamani, nikaenda kitandani nimenuna kama mtoto. Na kusema kweli sehemu ya hasira ilikuwa woga, kwa sababu habari niliyombebea ilikuwa mbaya.

ALHAMISI

Saa tatu asubuhi, baada ya chai na mkate wa kumimina, alikunja kanga yake mapajani. "Haya. Jana ulikuwa mgeni. Sema."

Nikasema yote: mchwa, karatasi, orodha, adhuhuri. Nikamwomba radhi. Halafu, kwa kukosa la kufanya, nikamwonyesha picha kwenye simu. Alisogeza miwani. 

"Hii mifuko iko wapi?"

"Iko Riyadh, bibi."

"Haikutupwa?"

"Bado."

"Faki kafa akijua imetupwa." Akaisogeza simu karibu na uso. "Mbona hapa sioni? Vimetoboka vingapi?"

Sikumwelewa. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa nyuma.

"Mifuko n'liishona mie, hapahapa Jeddah, kabla ya kila safari yake. Faki hakuziamini zile karatasi. Alisema kule chumvi na mchwa, karatasi haikai. Basi kila mfuko n'kautia maua saba. Mfuko wa udongo wa juu, ua moja n'melitoboa, sita n'meyaziba. Wa tabaka la pili, mawili n'metoboa. Hivyo hivyo mpaka saba. Yeye akiwa shimoni anauinua juani, anahesabu vitundu, anajua huu wa wapi. Ukiutandaza mezani yote sawasawa, huoni kitu."

"Na profesa hakuambiwa?"

"Kaambiwa! Kasema ushahidi ni karatasi. Kazi ya wanawake ya kofia si ushahidi." Akavuta pumzi. "Karatasi zilichanganyikia hemani kwao, si shimoni kwa Faki. Aliniambia siku ile, Zuhura, mifuko yako ndo shahidi wangu. N'kangoja mtu aje aniulize. Hakuja mtu."

Nilivua kofia yangu, nikaielekeza dirishani. Mwanga ukapenya kwenye vitundu vya viua, vitone vidogo vidogo. Nimeivaa kofia ile miaka, nimeivaa mbele ya mifuko ile ile, nikasema mapambo. Kila mwaka nawacheka wasomi waliotupa mitungi kwa sababu haikuwa na picha. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na Samira akajifanya anakusanya vikombe.

Nikapiga simu Riyadh. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Saa nne. Nikaandika ujumbe, nikatuma, nikaandika mwingine. Saa tano kasorobo Bi Zuhura alikuwa na tasbihi mkononi na mimi nazunguka meza. Saa tano na robo simu ikalia; Daktari Abir alikuwa kikaoni, na orodha ilikuwa mbele yake.

"Usitie saini!" Nilimpigia kelele bila hata salamu. "Inua mifuko kwenye mwanga!"

Jambo zuri kwa wachache wa maneno ni kwamba hawapotezi muda kuuliza. Aliwasha video, akaenda ghalani, lakini ghala halina dirisha. Akalibeba sanduku mpaka koridoni, akamwaga vigae vya kila mfuko kwenye sinia lake, mfuko juu ya sinia. Picha ikakatika. Ikarudi. Samira alikuwa ameshika simu, sisi wawili tumeinama juu yake. Daktari Abir akainua mfuko wa kwanza dirishani, na jua likapita.

"Mbili," alisema Bi Zuhura kwa Kiarabu cha Jeddah. "Tabaka la pili. Weka pale. Huu? Tano. Huu saba, huo wa chini kabisa."

Alihesabu yote, na sauti yake ilizidi kuwa ya ujana. Alipomaliza, Daktari Abir alipiga magoti sakafuni kati ya masinia akaanza kushika kigae kimoja kimoja. Hatukuona ila kichwa chake. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo.

"Kwenye mifuko ya ua moja," alisema hatimaye, "vingi ni vya kung'aa, vya zama za karibu. Vinapungua ukishuka. Kwenye mifuko ya saba hakuna hata kimoja. Kuna mishikio tu ya mitungi ya mafuta na divai iliyotoka Mediterania. Safu kwa safu, inavyotakiwa." Akainua uso. "Mama, mumeo hakuchanganya kitu."

Bi Zuhura hakulia mara moja. Alisema taratibu, kama anayemwita mtu chumba cha pili, "Faki. Umesikia?" Ndipo akalia, na Samira akalia, nami nilikuwa nimekwisha kuanza zamani.

Sanduku liliondolewa kwenye orodha dakika ishirini kabla ya adhuhuri. Wafula nilimwandikia neno moja, ameshinda. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kelele tupu za furaha; kama alikuwa na abiria, namhurumia.

KUAGANA

Ijumaa nilikwenda Makka. Hilo ni langu na Mola wangu, ila nilimtaja kila mmoja wenu kwa jina, hata anayenidai kitabu.

Jumamosi nilirudi Al-Nuzha kuaga. Kumbe alipokuwa akiandika upya kadi ya sanduku, Daktari Abir alikuwa amempigia Bi Zuhura kuuliza jina kamili la aliyeshona mifuko. Samira alinisimulia kwamba bibi yake alibishana. Mimi? N'likuwa nashona tu. Na daktari akamjibu kwamba yeye pia anasoma vigae tu.

Picha ya kadi ilifika mbele yangu. Samira akaisoma kwa sauti: shimo la tatu, matabaka saba, mpangilio umethibitishwa. Msimamizi wa uchimbaji: Faki bin Juma. Bi Zuhura akaitika alhamdulillahi, uso umetulia. Samira akaendelea. Kumbukumbu za matabaka: Zuhura binti Sefu.

 Bi Zuhura alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, ingawa hakuwa yeye anayesoma.

"Samira," alisema. "Hebu nisomee tena hapo mwisho."